Brashi Ikishapita, Iache Rangi Itulie

Siku hizi ukimwambia mwenye nyumba kwamba milango yake utaipaka kwa brashi, anakunja uso. Ameona kwenye simu video za milango inayong'aa utadhani kioo, ameambiwa ile ni kazi ya kompresa, na kwake brashi imebaki kuwa kitu cha kupakia nondo za dirishani. "Fundi, mimi nataka laini. Nipulizie." Huwa simbishii. Namuuliza tu: nyumba ina watu? Na makochi, vitanda na televisheni tunavipeleka wapi?

Kwenye karakana yenye chumba chake, feni za kutoa hewa na fundi aliyevaa barakoa ya maana, kupuliza hakuna mpinzani, nakubali. Ndani ya nyumba inayokaliwa ni habari nyingine. Ukungu wa rangi hauchagui pa kutua: pazia, marumaru, sufuria, vyote vyake. Kufunika na kubandika tepu kunakula muda kuliko kupaka kwenyewe. Halafu siku kona ya friji ikikwaruza mlango wakati wa kuhamisha, kiraka cha brashi juu ya rangi iliyopulizwa kinaonekana tangu sebuleni, na hakuna atakayekuja na kompresa kwa ajili ya mkwaruzo mmoja.

Kwa hiyo makala hii ni ya brashi. Ni ya milango, fremu, skatingi (zile mbao za chini ya ukuta) na makabati ya ndani, vitu ambavyo mtu anavishika kila siku na kuvitazama kwa karibu. Msimamo wangu baada ya kushika kazi hii muda mrefu ni kwamba mbao iliyopakwa kwa brashi inaweza kulala laini kiasi cha mgeni kuuliza ilipulizwa wapi, na kwamba kinachoharibu mara nyingi si brashi wala bei ya kopo. Ni mkono usiojua kuacha.

Tuanze na kinachotokea pale ubaoni, maana mafundi wengi tunafundishwa mwendo wa mkono bila kuambiwa sababu. Rangi ikitoka kwenye brashi haikai bapa. Kila kifungu cha manyoya kinachora mfereji, na pembeni ya mfereji linabaki tuta. Chukua tochi ya simu, ilaze ubavuni kabisa mwa mlango uliopakwa sasa hivi, mwanga upite juu ya uso wa rangi badala ya kuupiga usoni. Utayaona matuta yote yamejipanga. Usihame. Endelea kutazama dakika mbili, tatu. Yanashuka yenyewe. Uso wa kimiminika una mvuto wake unaotaka kunyooka, na rangi, kwa uzito wake kama wa uji, inaukawiza. Ulaini wa mlango wako unategemea nani atashinda kabla rangi haijashika.

Miaka ya 1960 mtafiti wa rangi aitwaye Orchard aliuweka mvutano huo kwenye hesabu, na ninayapenda majibu yake kwa sababu yanaeleza mambo ambayo wazee wetu walikuwa wakiyafanya tu kwa mazoea. Matuta yakisogeleana, umbali kati yao ukawa nusu ya ule wa kwanza, yanasawazika mara 16 kwa kasi zaidi. Unene wa rangi ukiongezeka mara mbili, kasi inapanda mara 8. Rangi ikiwa nzito mara mbili, kasi inashuka nusu tu.

Soma tena hizo namba kwa jicho la fundi. Ya kwanza inasema nunua brashi yenye ncha nyembamba sana, kwa kuwa ncha nyembamba huacha matuta madogo yaliyokaribiana, na hayo ndiyo yanayojifuta. Ya pili inawapinga wale wanaoivuta rangi mpaka inabaki kama kivuli cha rangi, wakidhani wembamba ndio ulaini. Rangi iliyovutwa mno haina kitu cha kutiririkia, mfereji unakauka mfereji. Ya tatu inasema kumwagia tina, kile kimiminika cha kupunguzia uzito wa rangi, hakukusaidii kiasi unachodhani. Fundi anayeongeza tina kila akiona alama za brashi anatibu ugonjwa mdogo kwa dawa kali.

Lakini huwezi pia kujaza rangi kwenye mlango uliosimama, kwa sababu unene ule ule unaoisaidia isawazike ndio unaoifanya itelemke. Asubuhi unakuta machozi yamekauka chini ya kitasa. Hapo ndipo inapokuja nasaha ambayo wateja hawaipendi: ng'oa mlango kwenye bawaba, ulaze juu ya stuli mbili au farasi za seremala, upake ukiwa umelala. Ukilala, rangi haina pa kutelemkia, unaweza kuweka unene wa haki, na kazi ya kusawazisha inafanyika bila wewe. Nikiruhusiwa kuchagua kati ya brashi ghali na ruhusa ya kung'oa mlango, nachukua ruhusa.

Brashi nzuri ya rangi ya mafuta hutengenezwa kwa manyoya ya nguruwe, nyingi zikitoka China. Manyoya hayo yana sifa mbili: yananyumbuka bila kulegea, na kila unyoya unapasuka nchani kuwa nyuzi mbili tatu. Mpasuko huo ndio unaobeba rangi na kuchora yale matuta membamba ninayoyasema. Huku pwani wapo wateja wasiotaka manyoya ya nguruwe yaguse milango yao, na ni haki yao. Brashi za nyuzi za viwandani zipo, na zile nzuri zimechanwa nchani kwa mashine ili ziige mpasuko wa asili. Nyuzi hizo si ngeni. Nailoni iliingia kwenye miswaki mwaka 1938, na kabla ya hapo miswaki mingi ya viwandani nayo ilikuwa ya manyoya ya nguruwe. Kwa rangi ya maji hata usiulize, chukua ya nyuzi. Manyoya ya asili yanakunywa maji, yanavimba na kulegea kama tambi katikati ya kazi.

Dukani usinunue brashi iliyofungwa kwenye mfuko bila kuifungua. Ikandamize kiganjani, itanuke, utazame ncha. Kama zote zimekatwa sawa, butu, hiyo ni ya kupakia chokaa. Itanue katikati uchungulie shingoni: brashi za bei ya chini zina kipande kinene cha mbao ndani ya lile bati linaloshika manyoya, manyoya yamezungushwa pembeni tu, katikati uwazi. Vuta manyoya kidogo uone kama yanabaki vidoleni. Muuza duka ataguna, mwache agune. Kwa fremu na skatingi inchi mbili inatosha, kwa uso wa mlango inchi mbili na nusu au tatu. Kubwa zaidi ya hapo kwenye mbao ni kujitafutia maumivu ya kifundo cha mkono.

Brashi mpya isianze na mkono wa mwisho, yaani tabaka la mwisho la rangi. Ipigepige kiganjani, ioshe kwa sabuni, ikauke, kisha ianzishie kwenye andakoti, rangi ya chini inayotangulia glosi ya kung'aa. Itamwaga manyoya yake yaliyolegea huko ambako msasa utapita. Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa na brashi mbili za glosi alizozifunga kwenye kitambaa, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuzigusa mpaka amalize msimu mzima wa andakoti. Tuliona ni uchoyo. Brashi zile zilikuwa zimelika nchani taratibu zikawa mviringo kidogo, na zilikuwa zikilaza rangi kwa namna ambayo brashi mpya haiwezi.

Sasa mkono wenyewe. Usipakie kutoka kwenye galoni. Mimina kiasi cha robo lita kwenye kopo safi, ukiipitisha kwenye chujio au soksi nyembamba ya kike, hata kama rangi ni mpya, na hasa kama ilishafunguliwa na juu imefanya utando. Utando ukatwe na utolewe mzima. Ukiuvunja kwa kijiti na kuukoroga, vipande vyake vitakufuata mlango mzima. Chovya theluthi ya manyoya, si zaidi, kisha gongagonga brashi ndani ya kopo kushoto na kulia. Kule kuikwangua kwenye ukingo wa kopo, ambako karibu kila mtu hukufanya, kunaikausha brashi upande mmoja, kunafanya mapovu, na kunageuza ukingo wa kopo kuwa kiwanda cha madonge makavu.

Weka rangi ubaoni kwa mipigo miwili mitatu yenye nafasi kati yake, ukifuata uzi wa mbao, ile mistari yake ya asili. Bila kuchovya tena, isambaze kwa kukata uzi, kushoto na kulia, mpaka eneo lote limepata sawa. Kisha geuza brashi iwe karibu kusimama, ishike karibu na bati kama unavyoshika kalamu, na pitisha ncha tupu kwa kufuata uzi tena, mpigo mmoja mrefu, uzito wa mkono ukiwa haupo kabisa. Brashi ianze kutembea kabla haijagusa ubao, na iendelee kutembea wakati inainuka. Ukiitua kwanza ndipo uivute, pale ilipotua patabaki donge. Ukiisimamisha ndipo uiinue, patabaki mstari. Mpigo huo wa mwisho uanzie sehemu mpya urudi kwenye sehemu uliyoiacha mbichi, ili maungio yafanyike rangi zote mbili zikiwa hai.

Halafu ondoka. Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Kijana mmoja tuliyekuwa naye kwenye nyumba ya Tabata alipaka paneli ya juu vizuri kabisa, akahamia ya chini, na alipoinua macho akaona ya juu ina nukta iliyokosa rangi, ndogo kuliko punje ya mchele.

"Fundi, pale pamebaki," akaniambia, na brashi iko hewani tayari.

"Pameachwa," nikamjibu.

Hakuniamini. Aligusa kidogo tu, ncha tu. Rangi ilikuwa imeanza kushika, kwa hiyo haikupokea, ilivutika. Akaona amechafua, akapitisha tena ili asawazishe, ikavutika zaidi, na mwisho palikuwa na kovu la upana wa kiganja lililokaa hivyo mpaka kesho yake tulipolikwangua kwa msasa. Nukta ya awali ingefunikwa na mkono wa pili bila hata kukumbukwa.

Kipimo nilichonacho ni sikio na kidole. Brashi inapopita kwenye rangi hai haina sauti, au ina sauti ya chini sana. Ukiisikia inaanza kunata, ukihisi ncha zinavutwa nyuma badala ya kuteleza, kazi imeishia hapo, hata kama unaona kasoro tano. Kwenye kivuli, rangi ya mafuta huku kwetu inakupa dakika 10 hadi 15 hivi. Rangi ya maji haikupi nusu ya hapo, na kama dirisha liko wazi na upepo wa kaskazi unaingia, hesabu kwa pumzi. Kuna kurudi kumoja tu ninakokuruhusu: dakika chache baada ya kumaliza paneli, pitisha brashi iliyokaushwa kwenye kona na kwenye ukingo wa urembo, kunyonya rangi iliyojikusanya huko kabla haijaanza kulia.

Muda huo mfupi ndio sababu mlango wa paneli una mpangilio wake. Unaanza na paneli zenyewe pamoja na urembo unaozizunguka, kisha ubao wa kusimama wa katikati, kisha mbao za kulala, na mwisho mbao mbili ndefu za pembeni zinazosimama toka juu hadi chini. Si ibada. Kila ubao unaofuata unafunika makosa ya uliotangulia pale yanapokutana, na uzi wa rangi unageuka mahali pale pale uzi wa mbao unapogeuka. Mlango wa plaiwudi usio na paneli unaukata kwa macho vipande vya upana wa mikono miwili, unateremka haraka bila kujibu simu.

Na paneli zina jambo lao. Huku pwani mbao inavimba masika na kunywea kiangazi. Paneli imekaa kwenye mfereji wake bila gundi ili iweze kucheza. Ukipaka mwezi wa nne ikiwa imevimba, ikifika mwezi wa kwanza itanywea, na pembeni yake utachomoza mstari wa mbao tupu, mweupe au mwekundu kutegemea mti, kuzunguka kila paneli. Mteja anadhani rangi imebanduka. Dawa ni kupaka paneli kabla seremala hajaziunganisha, jambo ambalo maseremala wengi hawataki kulisikia, au angalau kuisukuma andakoti ndani ya ule mfereji kwa ncha ya brashi wakati wa ukame.

Hali ya hewa inastahili heshima kuliko kampuni iliyoandikwa kwenye kopo. Mimi hupaka asubuhi baada ya umande kwisha na kabla jua halijapiga upande ninaoufanyia kazi. Feni ya dari inazimwa, maana mbali na kukausha haraka ndiyo inayogawa vumbi. Sakafu nainyunyizia maji kidogo, nasubiri, kisha napangusa mlango kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Jioni siwashi taa na kupaka glosi nyeupe, hasa msimu wa mvua. Kumbikumbi hawana adabu. Mdudu akitua, mwache. Ukimtoa akiwa mbichi unabaki na shimo, unyayo na mabawa. Akikauka, kisu na msasa vinamwondoa mzima mzima.

Kuhusu mbao zenyewe nitasema machache. Kumpakia mninga rangi ya glosi ni dhambi, mpe vanishi au mafuta. Mvule una mafuta yake ya asili yanayoweza kuifanya rangi ya mafuta igome kukauka, kwa hiyo unafutwa kwa tina kwanza kisha unapigwa prima, rangi ya kwanza ya kushikia, bila kuchelewa. Paina, ile inayoshuka kutoka Sao Hill kule Mufindi, ndiyo mbao ya rangi hasa, ila vifundo vyake vinatoa utomvu ambao baada ya mwaka unapenya na kuacha madoa ya njano juu ya weupe. Vifundo vizibwe kwa shelaki, ile ile ya polishi ya fanicha, kabla ya prima. Mashimo ya misumari yazibwe kwa unga wa mbao hiyo hiyo uliokorogwa na gundi ya mbao, au kwa puti. MDF, ule ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, inakunywa kwenye kingo zake kama haijawahi kuona kioevu, kingo zipate prima mara mbili.

Msasa unajulikana, ila watu wanauonea haya. Namba 120 kwa mbao tupu, 180 baada ya prima, 240 au 320 kati ya mkono na mkono, ukizungushiwa kwenye kipande cha mbao au soli ya zamani ya kandambili ili vidole visichimbe. Kila mkono uguswe na msasa, hata ule uliokuja mzuri, hadi mng'ao ufe pote. Sehemu iliyobaki inang'aa ni bonde, msasa haujaifikia, na glosi italionyesha bonde hilo kwa kila anayeingia.

Kama nyumba ni ya zamani, simama kwanza. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, unapendekeza sheria ziweke ukomo wa sehemu 90 kwa milioni, na bado nchi nyingi zilichelewa. Mlango wenye matabaka ya rangi ya miaka usisuguliwe mkavu, usichomwe kwa moto. Tumia msasa wa maji, ubao ukiwa umelowa, vumbi lote likae kwenye tope utakalolifuta na kulitupa. Watoto watolewe chumbani siku hiyo, na nguo za kazi zisichanganywe na zao kwenye beseni.

Narudi kwenye tina kidogo kwa sababu nimeisema vibaya, na ina mahali pake. Rangi nyingi za mafuta zinakubali asilimia chache, na kopo lenyewe limeandika ngapi na ya aina gani. Tatizo ni kwamba madukani jina tina linabeba vitu tofauti. Ile kali ya rangi za magari inaruka haraka sana, inafupisha zile dakika zako 10. Kwa brashi unataka kinachoruka polepole, tapentaini au mfano wake. Mafuta ya taa yanatumiwa na mafundi wengi kwa kuwa yako karibu na ni rahisi, na kweli yanalainisha mkono, ila rangi inachelewa kukauka na mng'ao unafifia. Nikiona mlango wa glosi uliofubaa kabla ya mwaka, huwa nainusa kwanza stoo ya fundi.

Usiku kati ya mkono na mkono, brashi ya rangi ya mafuta si lazima uioshe. Ifunge kwenye nailoni, hewa isiingie, kwa kuwa rangi hii inakauka kwa kula oksijeni. Zamani tulitumia mifuko ya rambo. Tangu Juni mosi 2019 mifuko hiyo haipo kisheria Tanzania, kwa hiyo siku hizi mafundi ndio wateja wakubwa wa nailoni za mkate. Wapo wanaoizamisha brashi kwenye maji usiku kucha. Inafanya kazi, mradi isisimamie ncha zake. Toboa tundu kwenye mpini, pitisha waya, ining'inie. Asubuhi ikamue na uikaushe kwenye kipande cha boksi mpaka isiache tone. Kazi ikiisha kabisa, ioshe kwa tapentaini mara mbili, kisha sabuni, ichane kwa kitana cha zamani na uifunge kwenye karatasi ikiwa na umbo lake.

Jambo moja ninaloliona karibu kila nyumba ninayoitwa: ukingo wa chini wa mlango wa bafuni hauna rangi. Hauonekani, kwa hiyo haujapakwa, na ndio unaokunywa maji ya kuoga kila siku. Plaiwudi inafunguka, mbao inaoza, mlango unaanza kukwaruza sakafu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuung'oa. Ukiwa umelala kwenye stuli, kingo zote nne ziko mbele yako, na ile ya juu na ya chini ndizo ninazozipaka kwanza.

Wasomaji huniuliza malipo yawe vipi, na nina maoni makali hapo. Fundi anayelipwa kwa mlango mmoja mmoja, akakubaliana bei bila kutaja idadi ya mikono, ana kila sababu ya kupaka mara mbili kwa siku moja, na glosi iliyopigwa juu ya mkono usiokauka inakunjamana ngozi. Anayelipwa kwa siku naye ana sababu ya kukawia. Mimi hukubaliana kwa mlango, lakini tunataja mambo kwa sauti: prima, andakoti, glosi mikono miwili, msasa kati ya kila mmoja, usiku mzima kati ya kila mkono. Advansi ya vifaa inatoka mwanzo, ya kazi inagawanywa kwa hatua. Mteja akisema ana sherehe Jumamosi na leo ni Alhamisi, namwambia achague milango miwili ya sebuleni, mingine ingoje wageni waondoke.

Wakati milango imelala nje kwenye stuli, fremu zinabaki na pazia, na familia inanung'unika kidogo, hasa wakwe wakiwepo. Tunang'oa miwili miwili ili vyumba vingine vifungike. Ikirudi kwenye bawaba, haifungwi kabisa usiku wa kwanza, inaachwa wazi kidogo na kabari ya karatasi laini sakafuni, kwa sababu rangi changa ikibanwa na rangi changa zinashikana, na asubuhi ukivuta unaondoka na kipande cha fremu. Mlango wa choo ndio pekee ninaoupaka kwa rangi ya maji bila kubishana na mtu. Tunaung'oa asubuhi watu wakishaenda kazini, unapata mkono wake chini ya mwembe, na kabla daladala za jioni hazijaanza kuwashusha umesharudi mahali pake.